Nusu ya Pili ya Wimbo wa Ebla

Juzi mlinipa keki, saa ya ukutani na kadi yenye sahihi zenu zote, kisha mmoja wenu akanisogezea kipaza sauti akaniuliza ni jambo gani la kazini nitakalolikumbuka zaidi. Nikasema chai ya ofisini. Mkacheka, keki ikakatwa, nikaenda zangu nyumbani. Lilikuwa jibu la uongo. Nimeona heri niwaandikie la kweli, hasa nyinyi mliorithi mafaili yangu ya muziki.

Vyeo sitavieleza; vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Kazi yangu kwa miaka thelathini na zaidi ilikuwa moja tu, kuomba ruhusa. Kampuni inatengeneza filamu, na kila kinachoonekana au kusikika ndani yake kina mwenyewe. Ukuta una mwenyewe, punda ana mwenyewe, wimbo una mwenyewe. Lazima mtu atangulie kupiga hodi, na mtu huyo alikuwa mimi, Wakesho, binti wa Taita, faili kwapani na vumbi mpaka magotini. Siku hizi nawaona mnabofya tu. Mwanamuziki ametangaza kwenye kompyuta kwamba kazi yake ni ya wote ilimradi atajwe jina na isibadilishwe. Mnamwandikia kuhusu matumizi ya biashara, jioni amejibu, mnakwenda nyumbani. Msidhani jambo hilo limezaliwa na kompyuta. Mimi nililikuta Garissa, kwenye kaseti, katika miaka ya tisini, na nikaliharibu kwa mkono wangu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi. Salome, mama wa Machakos aliyeomba ruhusa kabla yangu mpaka magoti yakamgomea. Alinipa faili, karatasi za kaboni, pedi ya wino kwa wasioandika, na chupa ya maji. "Maji ni yako," akasema. "Usimpe mwongozaji, atayamaliza." Kisha akanifundisha kazi yote kwa maneno machache: msomee mtu karatasi yote, hata pale panapokuchosha, ukimaliza, nyamaza, umwache akueleze yeye alichosikia, akikueleza kitu kingine, chana karatasi uanze upya. Wiki ya kwanza nilichana sita. Wiki hiyo hiyo nilipewa ruhusa ya kupiga picha kwenye baraza la nyumba moja na bwana mmoja mchangamfu sana ambaye, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa amefika pale kunyolewa tu.

Katikati ya miaka hiyo kampuni ikaamua kutengeneza filamu ya dereva wa lori anayetoroka nyumbani kwake, filamu ya kuuziwa tiketi kwenye majumba ya sinema. Bosi wa wakati ule alikuwa mwenye kampuni na mwongozaji pia, na alitaka joto la kweli. Akalipata. Tulivuka daraja la Tana kuingia Garissa saa sita mchana, kwenye msafara wa magari wenye askari mbele na nyuma, maana barabara ilikuwa na majambazi. Kushuka garini kulikuwa kama kufunguliwa mlango wa tanuri. Mpiga picha wetu aliikunja kamera ndani ya taulo bichi akawa anaipapasa, eti isipate homa.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na soko la mifugo. Kaseti ilikuwa ikilia: sauti ya mwanamke, makofi, na ngoma moja. Basi. Bosi akaweka kikombe chini kabla hakijaisha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo filamu yangu."

Tukaelekezwa kwenye duka la kaseti la Dubow, mzee mwenye ndevu za hina na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya. Nyimbo nyingine zote zilinakiliwa kwa malipo, ila huu. "Hii hakuna liba," Dubow akasema. "Mwenyewe amekataza." Akarudisha kaseti mwanzo tusikie. Kabla ya ngoma mwanamke alizungumza kidogo kwa Kisomali, na Dubow akatutafsiria: "Anasema, mimi ni Ebla, nauza maziwa Garissa. Wimbo hii nakili, gawa kwa mtu yoyote, beleka mbali. Lakini usikate. Na kama unafanya nayo biashara, kuja kwanza tuongee." Maneno ya watu wa huko nayaandika nilivyoyasikia, p ikitoka b na v ikitoka f. Si kazi yangu kuyanyoosha.

"Si amesema bure?" Bosi akasema. "Bure ni bure."

"Amesema pia tuende kwanza tuongee."

"Atajuaje, Wakesho? Anauza maziwa."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia mimi faili bila sahihi sipeleki Nairobi, atafute mtu mwingine wa kumbebea wizi wake. Nikashinda. Nakumbuka nilivyotoka dukani kwa Dubow kichwa juu, mtetezi wa wanyonge. Mngeniona mngenicheka.

Ebla nilimkuta kwenye soko la maziwa, amekaa nyuma ya mitungi ya plastiki ya manjano, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kidogo. "Abaayo, keti," akaniambia. Ndivyo wanavyomwita dada. Akanimiminia maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Aliniuliza hali ya mama yangu, akauliza kama kwetu Taita mvua imenyesha, na hakuniruhusu kufungua faili mpaka kikombe kiishe. Kiswahili chake kilitutosha, hatukuhitaji mkalimani. Ndipo akanieleza wimbo ule ni wa nini.

Alikuwa na mtoto mmoja, Yusuf. Akiwa na miaka kumi na saba alipewa ngamia wa mama yake awachunge kuelekea Wajir. Kijana akapitiwa na usingizi, ngamia jike mwenye mimba akapotea, akaja kukutwa ameliwa na fisi. Ngamia huyo ndiye aliyekuwa tegemeo lao. Yusuf aliporudi na habari hiyo, Ebla alimgombeza hapo hapo sokoni mbele ya watu wote, akamwambia asimwone tena machoni pake. Na kijana akatii. Aliondoka na shuka moja begani, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua aliko.

"Hasira ilikuwa ya siku moja, abaayo," Ebla akasema. "Yeye amechukua ya maisha."

Basi akatunga wimbo wa kumtafuta. Nusu ya kwanza ni yale yale matusi ya sokoni, neno kwa neno, ili Yusuf akisikia popote ajue bila shaka kwamba huyo ni mama yake na anayesemwa ni yeye. Nusu ya pili anamtaja jina, anataja alama yake, anamsamehe. "Kwetu mama akigombana na mtoto kwa wimbo, lazima amalize kwa dua. Akiishia kwa hasira, hiyo si wimbo tena. Hiyo ni habaar." Habaar ni laana ya mzazi, na huko sikuona mtu mwenye akili zake akiifanyia mzaha. Aliyelaaniwa na mama yake, hata akioa watu wanasita kwenda kula pilau yake. Ndiyo sababu ya yale masharti. Alitaka wimbo unakiliwe bure ili usambae haraka, na usikatwe ili usigeuke kuwa laana. Madereva wa malori walikuwa wameshaufikisha Mandera na Banissa. Yusuf hakupatikana.

"Sinema itafika wabi?" akaniuliza.

"Nairobi, Mombasa. Kampala pia, na Tanzania."

Alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Nilipomtajia malipo alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Alitaka kitu kimoja tu, wimbo ufike mpaka mwisho.

"Hamtakata?"

"Hawatakata," nikasema. Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Bosi hakuwa amesema lolote.

"Umeandika?"

Mkataba wetu ulikuwa wa Kiingereza, umechapwa miaka mingi nyuma, ule ule kwa kila mtu. Nilikuwa nikimsomea kwa Kiswahili, sehemu baada ya sehemu. Nje honi zikaanza. Msafara wa askari ulikuwa unajipanga, na ukikuacha unalala mpaka kesho. Dereva wetu akachungulia akinionyesha saa yake. Nikafika kwenye mstari unaosema wimbo utatumika wote au sehemu yake, kadiri kampuni itakavyoona inafaa. Nikauruka. Niliuruka kwa sababu nilijua nikiusoma Ebla atakataa, itabidi nifute, nimtafute Bosi atie sahihi pembeni, na msafara utaondoka. Nikamwambia, "Naandika." Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza palepale nilipomwonyesha, taratibu, asije akachafua karatasi yangu.

Na niliandika kweli, nikiwa garini. Niliandika kwenye daftari langu: EBLA, WASIKATE. Nikapiga mistari miwili chini yake. Daftari la kwangu, ambalo halimfungi mtu yeyote.

Miezi mitatu baadaye niliitwa chumba cha kuhariri kuleta chai. Naam, kuleta chai, msishangae, mwanamke alikuwa mimi peke yangu. Kwenye mashine mke wa dereva alikuwa akitupa nguo za mumewe nje, na sauti ya Ebla ikipanda juu yake kama moshi wa pilipili. Nikasimama nimeshika sinia. Ilipofika mwisho wa nusu ya kwanza, kabla tu ya jina la Yusuf, ikakatika.

"Bosi, inaendelea hiyo."

"Najua. Nusu ya kwanza ina moto. Ya pili ni dua, watu watasinzia."

"Lakini tulimwahidi."

"Nani alimwahidi?" Alifungua faili niliyoleta mwenyewe kutoka Garissa, akaweka kidole kwenye ule mstari. "Karatasi yako nzuri sana, Wakesho." Na hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananisifu.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Ningemwacha auibe ule wimbo, labda angekuwa na woga kidogo, labda angeutumia wote ili mwenyewe asije juu akilalamika. Mimi nikamletea kidole gumba cha mama yule kwenye karatasi safi, nikamwondolea woga wote. Nilimwomba angalau ule ujumbe wa Ebla kwa Yusuf uandikwe mwishoni mwa filamu. Wakaandika, "Wimbo: Ebla wa Garissa," herufi zilizopita wakati watu wanatafuta viatu vyao chini ya viti. Nikanyamaza. Nilikuwa na mama mgonjwa Taita na sikuwa na kazi nyingine. Hiyo ni sababu, lakini si udhuru.

Filamu ikapendwa, na wimbo ukapendwa kuliko filamu. Kanda za video zikaenea mpaka kwenye vibanda vya mabati ambako watu hutazama wamekaa kwenye mabenchi. Nilikuwa nikisikia makondakta wakiupiga mluzi. Ebla sikumpelekea habari yoyote. Nilijiambia mvua imekata barabara, na kweli ilikata. Ilipokauka nikajiambia kitu kingine. Niliogopa, jamani. Niliogopa uso wa yule mama.

Miaka miwili ikapita, nikatumwa Garissa kwa filamu nyingine, ya chanjo ya mifugo. Asubuhi nikaenda sokoni. Alikuwa palepale, nyuma ya mitungi. Aliponiona akasema, "Abaayo, keti," akanimiminia maziwa. Laiti angenimwagia usoni. Nikaanza kulia kabla sijasema neno, kisha nikasema yote: mstari nilioruka, honi, daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Dubow alileta fideo, nimeona. Na Yusuf bia ameona."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, akipanga vikombe vyake. Dereva mmoja wa lori la mbuzi alikuwa amemkuta Yusuf Arusha, anaosha malori. Alimjua kwa ile alama yake. Akamwambia, mama yako anakutafuta. Yusuf akajibu kwamba hapana, amemsikia mama yake kwa masikio yake mwenyewe, kwenye filamu. Alikwenda kwenye video mara tatu, mara zote akakaa mpaka taa zikawashwa, akingoja labda sauti ile itarudi kusema kitu kingine. Haikurudi. "Mama ameniabiza mbele ya dunia nzima," akasema, yaani amemlaani. "Nitarudi na uso gani?" Dereva akamweleza kwamba wimbo una nusu ya pili, ya msamaha. Yusuf akacheka. Akamwambia hiyo umeitunga wewe kwa kunionea huruma. Dereva alirudi mbio Garissa kuchukua kaseti. Alipofika tena Arusha, Yusuf alikuwa ameondoka. Wengine walisema ameenda Zambia, wengine Kongo.

Niliinamisha kichwa kwenye faili yangu. Nilimwambia anigombeze, anifukuze, afanye chochote.

"Mimi niliacha kugombeza watu," Ebla akasema. "Unajua mara ya mwisho ilinibeleka wabi."

Akamhudumia mteja, kisha akaniuliza kama kazi yangu bado ni ya kutembea nchi za watu. Nikamwambia ndiyo. "Haya. Funga hiyo faili." Akanisogeza karibu yake, akaanza kunifundisha nusu ya pili. Mistari saba, kwa Kisomali, lugha ambayo mpaka leo sijui zaidi ya salamu. Alisema mstari, nikaurudia. Neno likinipinda mdomoni alinirudisha mwanzo kabisa, hata kama nilikuwa nimefika wa sita. Wanawake wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kusali, akarudi, tukaendelea. Ilipoadhiniwa ya alasiri nilikuwa nayo yote, na akanisikiliza mara tatu mfululizo akiwa amefumba macho. "Haye," akasema. "Sasa iko ndani. Hakuna wa kukata."

Tangu siku hiyo, kila nilikotumwa, kwenye maegesho ya malori Namanga, Busia, Tunduma, nilitafuta mahali Wasomali wanapokunywa chai, nikaomba ruhusa, nikaisema. Walinicheka kwa lafudhi yangu. Kufika mstari wa tatu wanaacha kucheka. Wako waliotaka kunisahihisha, nikakataa. Mlikuwa mkinitania ofisini kwamba nina mume dereva mahali fulani, nami nikawaacha mfikiri hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ebla alifariki miaka kadhaa iliyopita. Dubow ndiye aliyenipigia. Aliniambia siku zake za mwisho alikuwa akiuliza, yule abaayo wa faili amempata? Na Dubow, mtu wa dini, ikambidi ajibu bado.

Sasa nimestaafu na sisafiri tena. Nyinyi mnasafiri. Yusuf atakuwa anakaribia miaka hamsini kama yu hai. Mkikutana naye msimweleze habari za filamu wala msimwombee kampuni msamaha. Mwambieni haya. Kwa Kiswahili yatafaa. Nilimwuliza mama yake, akanieleza maana, akaniruhusu.

Yusuf wangu, ngamia alikuwa wa Mungu, na Mungu amemchukua.
Hasira ilikuwa yangu, nami nimeitema.
Mkono wako wa kushoto una alama ya moto. Niliiuguza mimi, naijua hata nikifumba macho.
Atakayekuona akupe maji, akuonyeshe njia ya Garissa.
Nipo sokoni kwenye maziwa, nimeelekea barabara.
Ukinikuta sipo waulize wanawake wa maziwa, nimewaachia kikombe chako.
Mungu akuongoze, mwanangu. Radhi yangu unayo.

Jana nilimpigia Dubow, nikamwomba apite sokoni aniangalizie. Kikombe bado kipo.